Mifuko isiyopitisha hewa ya kuhifadhia nafaka: naipa nyota nne, ila kipima unyevu kinunue kwanza

Kwa wenye haraka naanza na jibu kabisa. Ile mifuko ya tabaka tatu, gunia la kawaida kwa nje na plastiki mbili nzito kwa ndani, inafanya kazi na mimi naendelea kuitumia kwa mahindi ya kula na kwa yale ya kuchanganyia chakula cha mifugo. Nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeikata kwa sababu ya namna wauzaji wengi wanavyoinadi, eti "inaua sumukuvu", wakati haiui hata kidogo, na mtu akinunua kwa imani hiyo anaweza akafungia humo nafaka yenye sumu akalisha watoto na kuku msimu mzima huku roho yake imetulia tuli. Hilo ndio linaniuma na ndio sababu naandika kirefu hivi.

Tuelewane kwanza tunapambana na nini. Kuna kuvu anaitwa Aspergillus flavus na ndugu yake Aspergillus parasiticus, hawa wako kwenye udongo karibu kila mahali penye joto, wakipata mahindi au karanga zenye unyevu wanatoa sumu inaitwa aflatoksini. Haina harufu, haina ladha, unga unaweza ukawa mweupe pee na bado umo. Ukungu wenyewe unaweza kuuona wakati mwingine, lakini ukungu ukifutika au ukisagwa sumu inabaki palepale, na kupika hakukusaidii maana maji yanachemka kwenye nyuzi 100 na hii kitu inahitaji zaidi ya 200 ndio ianze kuvunjika sawasawa. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka kundi la kwanza kabisa, yaani vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, na inaenda moja kwa moja kwenye ini, na mwenye homa ya ini aina ya B hatari kwake inapanda mara nyingi zaidi ya mtu mwingine. Kwa dozi kubwa haisubiri saratani. Kenya mwaka 2004 watu 317 waliugua na 125 wakafa, na mahindi yaliyohusika yalikuwa yamehifadhiwa hayajakauka vizuri.

Na dunia iliijua hii sumu kupitia mifugo jamani, sio kupitia watu. Mwaka 1960 Uingereza walikufa batamzinga zaidi ya 100,000 na hakuna aliyejua ni ugonjwa gani, mpaka wakafuatilia wakakuta shida iko kwenye mashudu ya karanga waliyolishwa, yaliyotoka Brazil. Kwa hiyo mtu akiniambia stoo ya chakula cha mifugo haihitaji uangalizi kama wa chakula cha watu huwa sielewi anazungumzia dunia ipi.

Haya turudi kwenye mfuko. Wazo lake ni jepesi sana. Ukifunga vizuri hewa haiingii wala haitoki, wadudu waliomo na nafaka yenyewe wanapumua wanamaliza oksijeni, ikishuka chini ya asilimia 5 hivi wadudu wanaacha kula, wanaacha kuzaana, wanakufa bila dawa yoyote ya unga au ya kidonge. Teknolojia hii ilianzia kwenye kunde, kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani akiwemo Larry Murdock walipokuwa Cameroon miaka ya 1980, ndio maana ikaitwa PICS, kifupi cha Purdue Improved Cowpea Storage, na ile C mwanzoni ilisimama kwa kunde (cowpea) kabla haijaja kusimama kwa mazao yote. Siku hizi kuna makampuni mengi yanatengeneza mifuko ya aina hii, mengine plastiki mbili, mengine moja tu lakini yenye tabaka maalumu la kuzuia gesi, na zote zikiwa halisi zinafanya kazi.

Kwa wadudu basi ni nyota tano bila ubishi. Na wadudu wanahusika na sumukuvu kuliko wengi wanavyofikiri, kwa sababu fukusi akitoboa punje anamfungulia kuvu mlango, na yeye mwenyewe akipumua anatoa joto na maji humo ndani, unakuta katikati ya gunia pamepata joto na unyevu wakati pembeni pako sawa. Ukimaliza wadudu umekata njia moja kubwa. Faida ya pili ni kwamba nafaka kavu ikikaa humo inabaki kavu hata msimu wa mvua, wakati gunia la kawaida linavuta unyevu wa hewani polepole mpaka mahindi uliyoyaanika vizuri yanarudi kuwa mabichi bila wewe kujua. Hili la pili kwangu ndio thamani kubwa ya mfuko na wala halitangazwi sana.

Kufunga sasa. Hapa watu wanaharibu sana kwa hiyo nieleze. Kabla ya kujaza, kila plastiki ijaze hewa, kamata shingo zungusha, halafu ibane taratibu ukiipitisha karibu na shavu, kama kuna kitundu utakisikia kinapuliza. Kitundu kidogo ziba kwa gundi ya utepe, kikubwa hiyo plastiki achana nayo. Ingiza moja ndani ya nyingine na zote ndani ya gunia. Unapojaza, jaza kidogo kidogo ukishindilia, tikisa, sukuma nafaka mpaka kwenye kona za chini, maana kila pengo lililobaki ni hewa. Usijaze mpaka mdomoni, acha sehemu ya kutosha ya kusokota. Kisha plastiki ya ndani kabisa, ikamue hewa kwa mikono kuanzia juu ya nafaka kwenda juu, sokota shingo mpaka iwe ngumu kama kamba, ikunje mara mbili, funga kwa kamba ya mpira au kamba laini, kaza kweli. Halafu ya pili hivyo hivyo peke yake. Halafu gunia la nje. Nimeona watu wanakusanya zote tatu kwa pamoja wanafunga fundo moja, hiyo sio kufunga, hewa inapita kati ya mikunjo na mfuko unakuwa gunia la kawaida tu. Mahindi yenye magunzi yaliyovunjika na vijiti yapepetwe kwanza, vile vipande vinatoboa plastiki kutokea ndani.

Sasa kasoro ambayo ndio kiini cha yote. Mfuko unatunza kile ulichoweka. Ukiweka kikavu kinabaki kikavu, ukiweka kibichi kinabaki kibichi na maji hayana pa kwenda. Mfuko uliofungwa na mahindi mabichi unautambua ukiufungua, ukuta wa plastiki kwa ndani una matone ya maji, punje za juu zimeshikana mabonge, na harufu inayokuja ni ya uchachu kama pombe, kwa sababu oksijeni ikiisha kuna vijidudu vingine kama hamira ambavyo havijali. Kuna watu wanajitetea kwamba kuvu naye anahitaji oksijeni kwa hiyo akibanwa hatoi sumu. Kuna ukweli kidogo hapo, oksijeni ikipungua kuvu anapunguza kasi, lakini inapungua lini? Inachukua siku kadhaa, na kwenye nafaka yenye unyevu kuvu anatumia hizo siku vizuri sana, na kila ukifungua kuchota unampa hewa mpya. Mimi siwezi kumshauri mtu aweke afya ya familia yake kwenye hesabu hiyo.

Kwa hiyo namba za kushika. Mahindi yawe na unyevu wa asilimia 13.5 au chini yake, na kama ni ya kukaa muda mrefu kwenye joto mimi nayataka 13 au pungufu. Karanga zilizomenywa asilimia 7. Watu wanashangaa kwa nini karanga zinatakiwa kavu hivyo wakati mahindi yanaruhusiwa karibu mara mbili, sababu ni mafuta. Maji hayakai kwenye mafuta, kwa hiyo yale maji kidogo yaliyomo kwenye karanga yote yamejazana kwenye ile sehemu isiyo na mafuta na kuvu anayapata kirahisi. Anachoangalia kuvu ni maji anayoweza kuyafikia, sio asilimia iliyoandikwa kwenye mita. Ndio maana alizeti, ufuta na mashudu navyo usivitumie kipimo cha mahindi, utajiumiza.

Hapo ndipo inakuja bidhaa ya pili ambayo nasema inunuliwe kabla hata ya mifuko: kipima unyevu. Kuuma punje kwa meno, kusikiliza mlio mkononi, kuingiza mkono kwenye gunia, hayo yanakutofautishia mbichi kabisa na kavu kabisa, lakini kati ya 13 na 16 meno hayajui kitu, na ni hapohapo kati ya 13 na 16 ndipo kuvu anapoamkia. Hizi mita za mkononi ziko za aina mbili kubwa, za kuchoma kwa sindano na za kumwaga nafaka kwenye kikombe. Za sindano nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya mbao au majani makavu, ukizichoma kwenye gunia la mahindi zinakupa namba nzuri zisizo na maana, nyota mbili. Za kikombe ni bora zaidi lakini lazima uchague zao sahihi kwenye menyu yake, mahindi ni mahindi na mtama ni mtama, na usipime nafaka ikiwa ya moto moja kwa moja toka juani, iache ipoe kivulini kwanza. Chota juu, katikati na chini, pima kila moja peke yake, ukikuta chini 16 na juu 12 usijifariji kwa wastani wa 14, ile ya chini ndiyo itakayokuharibia gunia zima. Mita nayo inapotea kadiri muda unavyokwenda, kwa hiyo ukipata nafasi linganisha na kipimo cha oveni cha maabara, kwa mahindi mazima ni gramu 15 kwenye nyuzi 103 kwa saa 72, hapo unajua mita yako inapunja au inazidisha kwa kiasi gani.

Huna mita? Kuna ile njia ya chumvi. Chumvi kavu kabisa kidogo kwenye chupa kavu, ongeza nafaka, funga, tikisa, subiri dakika 15, chumvi ikinata kwenye ukuta wa chupa nafaka ni mbichi. Nzuri na inafundishwa sana, ila sikiliza vizuri inachosema: chumvi isiponata maana yake unyevu uko chini ya asilimia 15 hivi. Sio 13.5! Kwa mfuko usiopitisha hewa 14.8 ni mbichi bado. Kwa hiyo chumvi ni ya kukataa tu, ikinata kataa, isiponata endelea kuanika. Njia ninayoipenda mimi zaidi ni kale kasaa kadogo ka dijitali kanakosoma unyevu wa hewa, unakaingiza kwenye mfuko mdogo wa nailoni wenye nafaka mpaka karibu na kujaa, unafunga, unaacha kwenye joto la kawaida mpaka namba itulie. Ikisoma asilimia 65 au chini uko salama, hapo kuvu hawezi kukua. Uzuri wake ni kwamba haijali zao gani, mahindi, karanga, mashudu, pumba, zote kipimo ni kilekile, kwa sababu inapima yale maji anayoyafikia kuvu. Kuna pia kadi ya kubadilika rangi iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha California kule Davis, inaitwa DryCard, inafanya kazi kwa wazo hilohilo na haina betri wala kitu cha kuharibika, unaitumia tena na tena. Kwa hivi vitu viwili nyota tano, na nashangaa havipewi nafasi mbele ya mifuko.

Kuanika kwenyewe sitasema mengi, kila mtu anajua anike juu ya turubai au kichanja na sio juu ya udongo mtupu, na afunike jioni kabla umande haujashuka. Ninachoongeza ni haraka. Mahindi yaliyovunwa mabichi yakalundikwa na maganda yake yakisubiri nafasi ya kuanikwa, hapo ndipo sumu inapotengenezwa, ukija kuyakausha baadaye mpaka 12 umekausha sumu pamoja na mahindi.

Na shida nyingine inaanzia shambani kabla hata hujavuna, hapa mfuko hauhusiki kabisa. Mahindi yakipigwa na ukame wakati wa kujaza punje na wadudu wakatoboa magunzi, aflatoksini inaingia ikiwa bado shambani. Kuna jamii nyingine ya kuvu, Fusarium, inayotoa fumonisini, hii ni ya shambani hasa, inaua farasi kwa kuwaozesha ubongo na nguruwe inawajaza maji mapafuni. Kwa aflatoksini kuna bidhaa ya shambani naiheshimu sana, Aflasafe ya IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha nchi za joto, ni mtama uliouliwa usiote, umepakwa Aspergillus flavus wale wasiotoa sumu, unarushwa shambani kilo 10 kwa hekta wiki mbili tatu kabla ya mahindi kutoa maua, hawa wapole wanawahi nafasi na wale wakali wanakosa pa kukaa. Inapunguza sumu kwa asilimia 80 na zaidi ikitumika vizuri. Fumonisini haiigusi, na haikuruhusu uanike vibaya.

Baada ya shamba silaha iliyobaki ni kuchambua, na hii kila mtu anaiweza. Sumu haijasambaa sawa kwenye gunia. Imejazana kwenye punje chache, zilizopasuka, zilizosinyaa, zilizotobolewa, zilizobadilika rangi, karanga zilizokunjamana au zenye weusi. Ukizitoa hizo unapunguza sumu nyingi kuliko kuosha au kupika kokote. Lakini jamani, zikitoka zinakwenda wapi? Kila mahali ni hadithi moja, "hizi mbovu wape kuku, wape ng'ombe". Yaani umefanya kazi kubwa ya kuikusanya sumu yote sehemu moja halafu unampa mnyama ikiwa imekolea! Ng'ombe wa maziwa anayekula aflatoksini ya aina iitwayo B1 anaitoa kwenye maziwa ikiwa imegeuka aina nyingine, M1, kati ya asilimia 1 na 6 ya alichokula, na inaonekana kwenye maziwa ndani ya siku moja. Maziwa hayo anakunywa nani? Mtoto. Ndio maana viwango vya maziwa ni vikali kuliko vya nafaka, Umoja wa Ulaya unaruhusu mikrogramu 0.05 tu kwa kilo na Marekani 0.5, wakati chakula cha ng'ombe wa maziwa Marekani kinaruhusiwa mpaka 20. Habari njema ni kwamba ukimwondolea kile chakula maziwa yanasafika ndani ya siku chache. Punje mbovu zichome au zifukie mbali, usimpe mtu wala mnyama, na usizichanganye na nzuri ili "zipungue makali".

Nimalizie vifaa vingine vinavyouzwa pamoja na mifuko, maana utashawishiwa.

Stripu za kupima aflatoksini, nyota tatu na nusu. Unasaga, unachanganya na kimiminika cha kuivuta sumu, unachuja, unachovya, ndani ya dakika chache unaona mistari. Kemia yake ni nzuri, tatizo liko kwenye sampuli. Kwa sababu sumu iko kwenye punje chache, ukichota konzi moja toka gunia la kilo 100 unaweza ukazikosa zote ukapewa jibu safi, na jirani akachota konzi nyingine akapata jibu la kutisha, na wote mmepima sawasawa. Ukitaka jibu la maana chota sehemu nyingi ndogo ndogo toka magunia mengi, changanya, saga zote mpaka ziwe unga laini, changanya tena, ndio utoe gramu chache za kupimia. Anayepima punje mkono mmoja juu ya gunia lililo karibu na mlango anapoteza stripu. Na uangalie stripu imewekwa ukomo gani, ya mikrogramu 20 kwa kilo haikusaidii kama soko lako linataka 10 au 4.

Taa ya UV, nyota moja. Wanakuonyesha mahindi yakiwaka kijani-njano gizani wanasema hiyo ndio aflatoksini. Sio. Kinachowaka vile ni asidi ya koji inayotolewa na kuvu huyohuyo ikikutana na punje ikiwa bado hai, kwa hiyo inakuambia kuvu alipita, haikuambii sumu ipo wala kiasi gani. Yapo mahindi yasiyowaka yenye sumu, na yanayowaka yasiyo nayo ya kutisha. Kwa kampuni kubwa inayotaka kuamua lori lipi lipimwe kwanza sawa, kwa mtu wa nyumbani ni hatari kwa sababu inampa uhakika wa uongo.

Vifunga sumu vya kuchanganya kwenye chakula cha mifugo, hapa ni "inategemea" na nitaeleza. Udongo wa bentonaiti unafanya kazi kwa aflatoksini, molekuli yake ni bapa na inaingia katikati ya tabaka za udongo, inanasa humo na kutoka na kinyesi. Umoja wa Ulaya uliuruhusu rasmi kwa kazi hiyo mwaka 2013 kwa ng'ombe, kuku na nguruwe, kwa ukomo wa gramu 20 kwenye kilo ya chakula. Marekani mamlaka yao ya chakula na dawa haijaidhinisha bidhaa yoyote kama kifunga sumukuvu, kule unauzwa kama kitu cha kuzuia chakula kugandamana. Hiyo peke yake ikufundishe kusoma lebo. Kuna muuzaji mmoja alinisimamia kabisa kwamba unga wake "unaondoa sumu zote", nikamuuliza kilichomo akasema ni siri ya kampuni. Sikununua na usinunue. Udongo hauzikamati vizuri sumukuvu nyingine, kama DON inayowafanya nguruwe wakatae chakula na kutapika, wala zearalenoni inayowavurugia uzazi, wala fumonisini, hizo kuna vimeng'enya au bakteria maalumu wa kuzivunja na kila kimoja kina sumu yake kinayoivunja. Kwa hiyo muulize anayekuuzia ni sumu ipi na kwa kiasi gani, akishindwa kujibu ondoka. Na hata kizuri ni cha kupunguza madhara ya kiasi kidogo kilichopenya, sio leseni ya kulisha mashudu yaliyooza.

Asidi ya propioniki ya kuzuia ukungu kwenye chakula kilichosagwa, nne. Inamzuia kuvu asikue, inasaidia kweli kwenye chakula chenye molasi au unyevu wa juu kidogo, ila sumu iliyokwisha kuwepo haiigusi. Chakula kilichosagwa chenyewe ni kitu cha kununua au kusaga kidogo kidogo, punje ikishavunjwa haina ganda la kuilinda. Na vyombo vya kulishia, yale mabaki yaliyoganda kwenye kona za kihori na chini ya pipa, hayo ndio kitalu cha kuvu, unamwaga chakula kipya kizuri juu ya ukungu wa mwezi uliopita. Kwangua, osha, acha pakauke kabisa ndio ujaze.

Mwisho kuhusu mfuko wenyewe baada ya kuutumia misimu kadhaa. Panya hawauonei huruma, uweke juu ya mbao mbali na ukuta na stoo iwe safi bila chakula kilichomwagika. Dumuzi, yule mdudu mkubwa wa mahindi, anaweza kutoboa plastiki kutokea ndani hasa kama aliingia wengi, kwa hiyo mahindi yaliyoshambuliwa sana usiyafungie humo bila kuyapepeta na kuyachambua. Ukishafunga acha usiufungue walau mwezi au zaidi, wengi wanafungua baada ya wiki kuangalia "kama inafanya kazi" na kwa kufanya hivyo wanairudisha oksijeni ndani. Kwa matumizi ya kila siku tenga mfuko mmoja wa kuchotea na mingine iache imefungwa, na huo wa kuchotea ufunge upya vizuri kila mara, sio kuukunja tu. Msimu ukiisha geuza plastiki, futa, anika kivulini, rudia lile zoezi la kuzijaza hewa. Mfuko ukitunzwa unakwenda misimu mitatu hivi. Plastiki ya nje ikitoboka kidogo na ya ndani ikiwa nzima bado unafaa, ila ya ndani ikitoboka hiyo igeuze iwe ya kufunikia tu, usijaribu kuokoa gharama ya plastiki moja kwa gunia zima la chakula.